Sikio Linalotoa Usaha Linasikia Dawa

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunataka tuongee juu ya ugonjwa ambao nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa zimepata kuuona, lakini ambao mara chache tunaupa uzito unaostahili. Nao ni ugonjwa wa sikio la kati, hasa ule unaofanya sikio la mtoto litoe usaha.

Tukiwa sokoni Omurushaka au Nkwenda, au tukisubiri zamu kliniki, si ajabu kumsikia mama akisema, "Huyu masikio yake yanatoa maji tangu alipoanza kuota meno. Akikua yatakoma yenyewe." Inzi wanamfuata mtoto, wenzake wanamkwepa kwa sababu ya harufu, nasi tunafuta kwa pembe ya kitenge na kuendelea na kazi. Miaka inapita, mtoto anaanza shule. Mwalimu anamwita jina, haitiki. Nyumbani tunamtuma maji, analeta kuni. Tunasema ni mkaidi, na pengine tunamchapa. Kumbe mtoto hasikii.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Tungependa kila mama ajue kwamba sikio linalotoa usaha si sikio la kufa. Linasikia dawa, ila lisiachwe hivi hivi. Na sehemu kubwa ya matibabu yake iko mikononi mwa mama mwenyewe nyumbani: kitambaa safi, dakika chache mara tatu kwa siku, na uvumilivu wa wiki mbili.

Sikio la kati liko wapi?

Sikio lina sehemu tatu. Sehemu ya nje ni ile tunayoiona pamoja na tundu lake. Mwisho wa tundu hilo kuna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma, nayo huitwa ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma hiyo kuna chumba kidogo chenye hewa na vifupa vitatu vidogo sana. Hicho chumba ndicho sikio la kati. Sauti inapopiga ngoma, vifupa vile vinatikisika na kuipeleka sauti katika sikio la ndani, na kutoka hapo inafika kwenye ubongo.

Chumba hicho kina mlango wa nyuma. Ni mrija mwembamba unaotoka sikio la kati mpaka nyuma ya pua, juu ya koo. Kazi yake ni kuingiza hewa na kutoa majimaji. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama. Kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala karibu sawasawa, ndiyo maana vijidudu vya mafua hupanda kwa urahisi kutoka puani mpaka sikioni. Mafua yakivimbisha mrija huo ukaziba, majimaji hukusanyika katika chumba kile, vijidudu huzaliana humo, na usaha hujaa nyuma ya ngoma. Hapo ndipo maumivu makali huanza.

Tukifahamu jambo hilo, tutaona kwamba ugonjwa wa sikio la kati kwa kawaida hautokani na maji ya kuoga wala na upepo ulioingia sikioni. Huanzia puani na kooni. Kwa hiyo katika miezi ya mvua, asubuhi zinapokuwa na baridi na ukungu na kila mtoto ana mafua, tujue kwamba masikio nayo yako hatarini.

Dalili kwa mtoto ambaye hajui kusema

Mtoto mkubwa atasema sikio linauma. Mtoto mchanga hawezi. Mama amwangalie: analia usiku hasa akilazwa, anavuta au anasugua sikio, anaanza kunyonya kisha anaachia ziwa na kulia kwa kuwa kumeza kunamwumiza, ana homa, pengine anatapika au anaharisha.

Hapa tunataka kuweka mkazo. Katika mkoa wetu wa Kagera, mtoto akipata homa wengi wetu tunafikiri malaria moja kwa moja, na ni kweli malaria ipo. Lakini homa inaweza kutoka sikioni. Usinunue dawa ya mseto dukani kwa kubahatisha. Mpeleke mtoto zahanati apimwe malaria, na mwambie mganga, "Naomba umwangalie na masikio." Wapo pia wanaompeleka mtoto wa namna hii kung'olewa "meno ya plastiki" au kukatwa kimeo. Mambo hayo hayaponyi sikio. Yanamwongezea mtoto kidonda na damu kupotea, na yanamchelewesha kupata tiba.

Usaha ukijaa sana, ngoma ya sikio hutoboka na usaha hutoka nje. Mara nyingi maumivu na homa hupungua siku hiyo hiyo, na mama hufurahi akidhani mtoto amepona. La, hajapona. Mlango umefunguka tu. Ikiwa atatibiwa, tundu lile kwa kawaida huziba lenyewe katika wiki chache. Asipotibiwa, linaweza kubaki wazi, na sikio likaendelea kutoa usaha miezi na hata miaka.

Siku 14 ndizo za kuhesabu

Waganga hugawanya ugonjwa huu kwa kuuliza swali moja: usaha umetoka kwa siku ngapi? Ikiwa ni chini ya siku 14, huo ni ugonjwa wa ghafla. Mtoto hupewa paracetamol ya kupunguza maumivu na homa, na mara nyingi amoksilini ya kuua vijidudu. Kuna watoto wakubwa kidogo ambao maumivu yao ni ya kiasi na hawana usaha, na hao huweza kupona bila dawa ya vijidudu. Uamuzi huo tumwachie mganga aliyemwona mtoto. Tukipewa dawa, tuimalize kwa siku zote zilizoandikwa, hata kama mtoto anacheza tangu siku ya pili. Kununua vidonge vitatu vinne katika duka la dawa kwa sababu pesa haitoshi ni kuvifundisha vijidudu kuizoea dawa.

Usaha ukitoka kwa siku 14 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu. Hapa vidonge na sindano havisaidii sana. Kinachosaidia ni kulikausha sikio kila siku, kisha kutia dawa ya matone aliyoandika mganga, mara nyingi siprofloksasini ya masikio, kwa muda wa wiki mbili. Dawa haiwezi kufanya kazi ikielea juu ya usaha. Ndiyo maana kukausha kunatangulia.

Namna ya kukausha sikio kwa utambi

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chukua kipande cha kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa na kukauka juani, au karatasi laini lakini imara, isiyomeguka. Kisokote kiwe utambi wenye ncha.
3. Mlaze mtoto au mpakate, sikio bovu likielekea juu. Ingiza utambi taratibu katika tundu la sikio, usisukume kwa nguvu. Uache mpaka ulowe.
4. Utoe, uutupe chooni au uuchome, uweke mwingine mkavu. Endelea mpaka utambi utoke mkavu.
5. Ndipo utie matone, kama umeandikiwa. Shika kichupa mkononi kwanza kipate joto la mwili, maana matone ya baridi huleta kizunguzungu. Kwa mtoto mdogo vuta sikio kidogo chini na nyuma. Kwa mtoto mkubwa na mtu mzima livute juu na nyuma. Baada ya kutia, bonyeza mara kadhaa kile kinyama kilicho mbele ya tundu ili dawa izame. Mtoto alale hivyo kwa dakika chache.
6. Fanya hivi mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana na jioni.

Usitumie njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, kalamu wala vijiti vya pamba vinavyouzwa dukani. Usiache pamba au kitambaa sikioni baada ya kukausha, kwa kuwa usaha ukizibwa hurudi ndani.

Tunajua mama wa kijijini ana kazi nyingi. Kuna shamba la migomba, kuna maji ya kuteka mbali, na msimu wa kahawa hakuna anayeketi. Kukausha sikio mara tatu kwa siku kwa wiki mbili si jambo dogo. Tunashauri baba, bibi au dada mkubwa wa mtoto afundishwe kazi hii naye, ili siku mama anapokuwa mbali isikatike. Baada ya wiki mbili rudi kwa mganga hata kama sikio limekauka, ili aone kama tundu limeziba.

Visitiwe sikioni

Kuna desturi ya kukamulia sikioni maziwa ya mama, kudondoshea samli au mafuta ya kula yaliyopashwa moto, maji ya majani ya mubirizi na mengine, na hata mkojo. Hatuwabezi bibi zetu; walitafuta nafuu kwa kile walichokuwa nacho. Lakini sikio lenye tundu kwenye ngoma ni kama nyumba isiyo na mlango. Chochote unachomimina kinaingia moja kwa moja katika chumba cha ndani. Maziwa na mafuta ni chakula cha vijidudu, na maji ya majani yanaweza kuunguza.

Vilevile tusitie matone yaliyobaki nyumba ya jirani. Baadhi ya matone, kama yale ya jentamaisini, yakiingia kupitia tundu la ngoma na kutumika kwa muda mrefu yanaweza kuharibu sikio la ndani, na uziwi huo haurudi. Sindano za jentamaisini na streptomaisini nazo zina hatari hiyo, kwa hiyo zitolewe tu pale mganga anapoona ni lazima.

Dalili za kukimbilia hospitali

Sikio la kati ni jirani wa ubongo. Kati yao kuna mfupa mwembamba tu. Ukiona mojawapo ya dalili zifuatazo, usingoje kesho:

- uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, hasa ukilisukuma sikio mbele;
- shingo kukakamaa, kichwa kuuma sana, kutapika sana;
- degedege, au mtoto kulegea na kuwa mzito kuamka;
- mdomo au uso kupinda upande mmoja;
- kizunguzungu kikali;
- mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa au anayekataa kunyonya.

Kwa Karagwe iko Hospitali ya Nyakahanga. Kwa ndugu zetu wa Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka mwaka 2012, iko Hospitali ya Isingiro. Ikishindikana hapo, mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba, na kutoka huko Bugando, Mwanza, kwa mabingwa wa masikio, pua na koo. Safari ni ndefu na nauli ni kubwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza mapema na zahanati ya karibu. Tukumbuke pia kwamba kwa sera ya nchi yetu, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali.

Jambo lingine tuseme bila kuficha. Sikio linalotoa usaha muda mrefu au kurudia rudia huweza kuwa dalili ya upungufu wa kinga mwilini. Mganga akishauri mtoto na mama wapimwe virusi vya UKIMWI, tusikasirike wala tusione aibu. Mkoa wetu ndio ulioona wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na tumejifunza kwa machozi kwamba kujua mapema ni kuokoa maisha. Leo dawa zipo, na mtoto anayezitumia hukua na kusoma kama wenzake.

Je, mtoto wangu anasikia?

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watoto 10 wenye upungufu wa kusikia, karibu 6 wamefikwa na sababu ambazo zingeweza kuzuiwa. Magonjwa ya masikio ni mojawapo ya sababu hizo. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia, na miaka mitatu ya kwanza ndiyo ya kujifunza lugha kwa kasi. Akipoteza kusikia katika miaka hiyo, maneno yake yatachelewa, na shuleni ataonekana mzito wa akili, kumbe akili anayo.

Hata baada ya maumivu kwisha, majimaji huweza kubaki nyuma ya ngoma kwa wiki nyingi bila homa wala usaha, na mtoto akawa anasikia kama mtu aliyeziba masikio. Mara nyingi hali hii huisha yenyewe ndani ya miezi 3. Ikizidi hapo, apelekwe hospitali.

Mama anaweza kumpima mtoto wa miaka 4 na kuendelea hapo nyumbani. Simama nyuma yake kwa umbali wa mkono mmoja ili asikuone midomo. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole. Nong'ona maneno anayoyajua, kwa mfano ndizi, mbuzi, kahawa, kikombe, ukimwomba ayarudie. Kisha fanya hivyo kwa sikio la pili. Akishindwa nusu ya maneno, mpeleke akapimwe. Kwa mtoto mchanga, angalia kama anageukia sauti afikapo miezi 6, na kama ana maneno mawili matatu baada ya kutimiza mwaka na miezi michache.

Wakati anatibiwa, mwone mwalimu wake. Mwombe akae dawati la mbele, upande ambao sikio zima linaelekea ubao, na azungumze naye akimtazama. Ombi hilo halina gharama, na linaweza kumwokoa mtoto na viboko visivyo vyake.

Watu wazima nao

Ugonjwa huu haumbagui mtu mzima. Wengi wenye usaha masikioni leo walianza nao utotoni. Wengine huupata baada ya mafua makali, au wana kisukari au kifua kikuu. Matibabu ni yale yale: kukausha, matone, na kurudi kwa mganga. Tundu lisiloziba linaweza kuzibwa kwa upasuaji katika hospitali kubwa. Usaha wenye harufu mbaya usiokoma kwa dawa unahitaji kuonwa na bingwa, kwa kuwa huenda kuna ngozi inayoota ndani na kula mfupa. Na mtu mzima ambaye sikio moja limeziba kwa muda mrefu bila mafua, hasa kama anatokwa damu puani au ana uvimbe shingoni, asikae nyumbani. Aangaliwe nyuma ya pua, maana huweza kuwa uvimbe mbaya unaoziba ule mrija tuliousema.

Mama mjamzito mwenye sikio bovu amwambie mganga ujauzito wake kabla ya kupewa dawa yoyote.

Kinga ni bora kuliko tiba

Mnyonyeshe mtoto maziwa yako peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Maziwa hayo yanapita mdomoni na kumpa kinga, ila yasitiwe sikioni. Ukimlisha maziwa ya ng'ombe au uji baadaye, tumia kikombe, naye awe ameinuliwa kichwa. Asinyweshwe amelala chali.

Usikose chanjo. Chanjo ya nimonia, ambayo nchi yetu inaitoa tangu mwaka 2013, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, nayo hukinga dhidi ya kijidudu kimoja kikubwa cha masikio. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Surua huacha masikio mabovu, na mama akipata rubela akiwa mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi.

Moshi huvimbisha pua na koo. Mtoto asilazwe jikoni karibu na mafiga, na jiko liwe na dirisha. Baba anayevuta sigara avutie nje, mbali na watoto. Mfundishe mtoto kupenga kamasi taratibu, tundu moja moja la pua. Mwenye usaha asiogelee mtoni wala lambweni mpaka apone, na akioga, weka sikioni pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, kisha itoe mara amalizapo.

Akina mama wenzetu, mwezi huu tumwangalie kila mtoto wa nyumba yetu masikio yote mawili, mchana kwenye mwanga. Tukimwona wa jirani ana usaha, tumwambie mama yake kwa upole, bila kumcheka, na tumwonyeshe namna ya kusokota utambi. Na yule tuliyekuwa tukimwita mkaidi, kabla ya kushika fimbo, tusimame kwanza nyuma yake tumnong'oneze jina lake.